Sanduku la saa ya kale lenye njumu: dalili, chanzo na tiba

Saa ninayoizungumzia ni ile ya ukutani yenye uso wa duara juu na kisanduku kifupi chini, chenye kidirisha cha kuonyesha pendulamu. Imevikwa vinia, yaani ganda jembamba la mbao, ya wolnati au rozwudi, na pembezoni ina njumu: kanda za mbao za rangi tofauti, nyuzi za shaba, maua ya gamba la chaza. Nyingi za aina hii ni za robo ya mwisho ya karne ya 19. Sanduku lilitengenezwa Uingereza, mashine ikatoka Connecticut, Marekani. Zilisafiri popote meli zilipotia nanga, na meli za Marekani zilikuwa zikija Unguja tangu kabla ya mkataba wa biashara aliotia saini Sayyid Said mwaka 1833.

Mashine ikigoma, kila mtaa wa zamani una fundi saa wake. Sanduku ndilo yatima. Hupelekwa kwa seremala wa vitanda, na silaha yake ya kwanza ni msasa. Vinia ya kale iliyopasuliwa kwa msumeno ina unene wa milimita moja hadi mbili tu, na ile iliyochanwa kwa kisu cha mashine haifiki hata moja. Dakika chache za msasa zinatosha kuimaliza, na njumu huondoka nayo.

Kwa hiyo kabla ya kuchagua dawa, tafuta kwanza kilichosogea ni kipi: mbao au njumu? Mbao hupanuka na kusinyaa kwa upana wake kila unyevu wa hewa unapobadilika, lakini kwa urefu wake haibadiliki kiasi cha kuonekana. Shaba na gamba havijali unyevu. Vimegandishwa pamoja, na kila mmoja anataka kwenda njia yake. Karibu dalili zote hapa chini zimetokana na ugomvi huo, au na mkono wa fundi aliyetangulia.

Kabla ya kugusa chochote

Ondoa pendulamu, kisha akrabu (mishale ya saa), kisha mashine. Springi iliyokazwa ina nguvu ya kukata kidole, kwa hiyo kama hujui kuilegeza, mwite fundi saa aitoe mashine nzima. (Ukikuta akrabu imetegwa saa sita tofauti na simu yako, hilo si tatizo la kutatua. Mwenye nyumba alikuwa anasoma saa ya Kiswahili.)

Laza sanduku kwenye blanketi, zima taa, mulika tochi kutoka ubavuni. Kila kilichoinuka kitatupa kivuli. Kisha gonga uso wote kwa ukucha, taratibu: palipogandamana husikika pazito, palipoachia husikika patupu. Weka alama kwa vipande vya karatasi na upige picha. Usiweke alama kwa gundi ya plasta, kwa sababu ukiibandua inaweza kuondoka na kipande cha njumu.

Mwisho, jua sanduku limepakwa nini. Nyuma ya mlango, pasipoonekana, weka pamba yenye spiriti kwa nusu dakika. Pakinata, ni shelaki (polishi ya utomvu ulioyeyushwa kwa spiriti), nayo ndiyo ya asili kwa saa hizi. Pasiponata, jaribu tina: ikilainika, kuna mtu amepitisha klia (vanishi angavu) ya kisasa. Vyote viwili visipofanya kitu, una vanishi ya mafuta.

Ukanda wa shaba umenyanyuka kutoka kwenye mfereji wake

Hii ndiyo dalili inayoharibiwa zaidi na tiba yake, kwa hiyo twende polepole.

Katika hewa ya pwani mbao hutulia ikiwa na maji ya takribani asilimia 15 ya uzito wake. Ihamishie saa hiyo kwenye chumba cha kiyoyozi, au ipeleke Dodoma wakati wa kiangazi, na mbao itashuka kuelekea asilimia 9 au chini ya hapo. Imesinyaa kwa upana. Ukanda wa shaba uliolazwa kukatiza nyuzi za mbao haujapungua hata unywele, na sasa ni mrefu kuliko mfereji wake. Hauna pa kwenda isipokuwa juu.

Uthibitisho ni rahisi. Angalia ni kanda zipi zimenyanyuka. Zikiwa ni zile zinazokatiza nyuzi tu, na zinazofuata nyuzi zimetulia, chanzo ni ukavu. Zikiwa zimenyanyuka bila mpangilio, gundi yenyewe imekufa. Upande mmoja tu ukiwa umeathirika, uliza saa ilikuwa inapigwa na jua la dirisha gani.

Kwa ukavu, dawa ya kwanza ni subira. Lirudishe sanduku kwenye chumba cha kawaida kisicho na kiyoyozi wala jua, uliache wiki kadhaa. Mara nyingi mfereji hurudia urefu wake wenyewe na ukanda hulala nusu ya safari bila kuguswa. Usikate ncha ya shaba ili iingie sasa. Ukikata leo, masika ikifika mbao itapanuka na utabaki na pengo usoni mwa saa. Wala usishike nyundo. Shaba ikigongwa hupanuka, na ukanda uliokuwa mrefu kwa nusu milimita utakuwa mrefu kwa milimita nzima. Unyooshe kwa vidole na kipande cha mbao laini.

Mbao ikishatulia, safisha mfereji. Gundi ya asili ni ya ngozi ya wanyama, nayo hulainishwa na maji ya uvuguvugu. Chovya pamba, ikamue karibu ikauke, iweke juu ya gundi kwa dakika chache, kisha kwangua kwa kijiti cha mwanzi. Isipolainika, fundi aliyetangulia ametumia gundi nyeupe au epoksi, na hapo kazi ni ya wembe na uvumilivu.

Upande wa chini wa kanda ukwaruze kidogo kwa tupa, futa mafuta kwa spiriti, kisha usugue kwa punje ya kitunguu saumu iliyokatwa. Wasiojua hucheka, lakini ni mbinu ya zamani ya mafundi wa Ulaya waliolaza shaba kwenye gamba la ng'amba (aina ya kasa), kazi inayobeba jina la Mfaransa André-Charles Boulle aliyefariki mwaka 1732. Juisi ya saumu husaidia gundi kushika metali laini kama shaba. Kwa gundi, ya samaki hushika shaba vizuri kuliko ya ngozi. Iliyo bora hutengenezwa kwa bondo, yaani kifuko cha hewa cha samaki. Msomaji wa Mwanza anayejua bei ya mabondo ya sangara ataelewa kwa nini haiuzwi rahisi. Ukiikosa, gundi ya ngozi inatosha, ila chombo chake kipashwe ndani ya maji ya moto na kisizidi nyuzijoto 65 hivi. Ikichemka inapoteza nguvu.

Funika kwa karatasi ya nailoni, weka ubao tambarare juu, kaza jiriwa kwa kiasi. Iache siku nzima. Wakati wa masika, siku mbili.

Na gundi ya matone ya haraka? Inashika, hakuna ubishi. Lakini ukanda utataka kusogea tena mwakani, nayo haitauachia, kwa hiyo mbao ndiyo itakayopasuka. Gundi inayokubali kuachia ndiyo inayolinda sanduku. Hilo mafundi wengi hawalipendi kwa sababu mteja anaporudi huona kama kazi ilikuwa mbovu. Mweleze mapema.

Vinia imevimba kama lengelenge

Chanzo ni maji yaliyopenya, joto, au uzee wa gundi. Gonga kwanza. Kama ndani kuna gundi ya asili, huenda haihitaji nyingine: weka kitambaa chepesi chenye unyevu, juu yake kipande cha karatasi nene, pitisha pasi ya joto la chini kwa sekunde chache, kisha gandamiza kwa ubao na jiriwa hadi ipoe. Ikirudi kuvimba, pasua lengelenge kwa wembe kufuata nyuzi, ingiza gundi kwa sirinji, gandamiza. Pasi isikaribie gamba wala shaba, maana shaba hupeleka joto haraka na kulegeza kila kilicho jirani. Shelaki nayo itapauka chini ya pasi, jambo ambalo lina tiba yake mbele.

Gamba la chaza limepoteza mng'ao, au lina chumvi nyeupe

Hapa uliza jikoni. Ndimu na ukwaju ni dawa za kale za kung'arisha vyombo vya shaba, na kwenye sufuria zinafaa. Kwenye njumu ni maafa. Gamba la chaza ni kalisi kabonati, na asidi yoyote huila. Mtu anasugua nyuzi za shaba kwa ndimu, zinawaka, na maua ya gamba pembeni yake yanageuka chokaa. Kilichoondoka hakirudi. Kinachowezekana ni kung'arisha tabaka lililobaki kwa unga laini sana wa kupolishia na maji, kwa ncha ya kijiti, na hata hivyo kwa mara moja tu, kwa sababu kipande kina unene wa chini ya milimita mbili.

Chumvi nyeupe kwa gamba ambalo halijawahi kuguswa ni kisa kingine. Mbao zingine hutoa mvuke wa asidi, hasa mwaloni, na gamba lililofungiwa kabatini pamoja nazo huota unga huo. Futa kwa brashi kavu, toa saa kabatini, ipe hewa. Dawa ni hiyo tu.

Makopo ya kung'arishia shaba nayo yaache dukani. Unga wake mweupe huingia kwenye kila mstari wa nakshi na kwenye nyuzi za vinia, na hautoki. Kama uchafu ni wa kawaida tu, yaani moshi, vidole na vumbi, anza na pamba yenye mate. Sifanyi mzaha. Mate yana vimeng'enya na hayana ukali, na wahifadhi wa makumbusho huyatumia hadi kwenye michoro ya thamani. Baada yake pitisha pamba yenye maji kidogo, kisha kavu.

Kijani kando ya shaba

Kijani cha kunata, kama nta, ni mafuta yaliyokutana na shaba. Mwenye saa amekuwa akiisugua kwa mafuta ya nazi, au kwa polishi yenye mafuta. Kitoe kwa kijiti cha mti, kisha pamba yenye tapentaini. Kijani cha unga, chepesi, kinachorudi kila ukikifuta, ni chumvi ya bahari. Hicho hakiishi kwa kufuta. Kifute kikavu, kisha kausha chumba na utoe saa kwenye ukuta unaotazama bahari. Ukimaliza, tabaka jembamba la nta ya nyuki iliyosafishwa linatosha.

Vipande vimepotea

Tafuta kwanza. Geuza sanduku juu ya shuka nyeupe, fagia ndani kwa brashi; vipande vya njumu mara nyingi huanguka chini ya pendulamu na kukaa humo miaka. Ulizia pia droo ya mwenye nyumba.

Kama kweli havipo, laza karatasi ya kalki juu ya pengo na upate umbo lake kwa penseli. Njumu za saa hizi zina pacha: ua la kushoto limejirudia kulia, kwa hiyo umbo halibuniwi, linanakiliwa. Gamba la kuchongea si shida huku. Wanawake wa Fumba na Bweleo, Unguja, wamekuwa wakisafisha magamba ya chaza na kuyafanya mapambo. Likate likiwa limelowa maji na uvae barakoa, kwa sababu vumbi lake linadhuru mapafu. Geuzageuza kipande mwangani kabla ya kukigandisha, maana mng'ao una mwelekeo. Kilicholazwa kinyume na majirani zake kitaonekana kutoka mlangoni.

Pengo likiwa la pembe ya ndovu, jaza kwa mfupa wa ng'ombe. Utazitofautisha kwa lenzi: mfupa una vitundu vidogo vyeusi, pembe ina mistari inayokatizana kwenye ncha iliyokatwa. Biashara ya kimataifa ya pembe ilipigwa marufuku na nchi wanachama wa CITES (mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini) kwa uamuzi wa mwaka 1989, na gamba la ng'amba nalo limo katika orodha kali zaidi ya mkataba huo. Mtu anayekuuzia kipande "cha zamani" anakuuzia kesi. Na wala mfupa si unyonge. Mafundi wa pwani waliutia kwenye viti vya enzi vya mpingo pamoja na pembe, na vinaheshimiwa hadi leo. Kumbuka pia kwamba saa yenyewe, ikiwa na pembe au ng'amba, haivuki mpaka bila kibali, hata kama ni ya urithi.

Kwa mbao zilizopotea, chukua vinia ya kale kutoka fanicha iliyokufa, mti ule ule ikiwezekana, nyuzi zielekee upande ule ule. Kuchanganya vumbi la mbao na gundi na kushindilia kwenye pengo ni njia ya haraka, lakini vumbi hunywa gundi na kuwa jeusi. Nakubali hilo kwa tundu la msumari tu.

Unga laini chini ya sanduku

Ni bungua, mdudu anayetoboa mbao. Swali ni kama yupo bado au alishaondoka zamani. Tandika karatasi nyeusi, gonga sanduku, futa unga wote, kisha acha wiki mbili bila kulisogeza. Unga mpya wenye rangi ya mbao mbichi, na matundu yenye kingo safi, maana yake yuko kazini. Hupenda mbao nyeupe za nje ya mti, kwa hiyo tazama mgongo wa sanduku na kitako, sehemu zisizovikwa vinia.

Mafuta ya taa, dawa ya mitaani, humuua aliye juu na kumwacha aliye ndani. Juu ya hayo hulainisha nta na kulifanya sanduku kuwa kuni. Tumia dawa ya mbao yenye permethrin, kwa sirinji, tundu kwa tundu, upande wa nyuma tu. Penye njumu usifike nayo. Kama wadudu wamejaa mbele, njia salama ni kulifunga sanduku ndani ya mfuko usiopitisha hewa pamoja na vifyonza oksijeni vya kutosha, kwa wiki tatu au zaidi. Kugandisha kwenye friza ni kuzuri kwa vinyago vya mti mtupu. Kwa kitu chenye mbao, shaba, gamba na gundi ya kale kwa pamoja, mimi sikupendekezei.

Ukiona njia za udongo badala ya unga, huyo ni mchwa, naye hakutoka kwenye saa. Ametoka ukutani. Tibu ukuta kwanza.

Polishi ina ukungu mweupe, inanata, au imekuwa nyeusi

Ukungu mweupe ni unyevu ulionaswa ndani ya shelaki. Subiri alasiri kavu, pitisha kitambaa chenye spiriti kidogo sana, mpito mmoja mwepesi bila kusimama. Ukisimama, kitambaa kitagandia na kuchuna. Usipake shelaki mpya mvua ikinyesha, maana utaunasa ukungu mwingine.

Kunata baada ya kupaka upya: shelaki yako imezeeka chupani. Iliyokwisha kuyeyushwa huanza kuharibika baada ya miezi kadhaa, na kwa joto letu mapema zaidi. Weka tone kwenye kioo. Lisipokauka gumu kwa saa chache, mwaga.

Weusi ni moshi na mafuta ya miaka mingi. Mate kwanza, kisha tapentaini. Wengi hukata tamaa hapa na kuchuna kila kitu kwa dawa ya kuondolea rangi, ambayo hupenya kando ya njumu na kulegeza gundi yote kwa siku moja.

Doa jeusi la mviringo kuzunguka skrubu si uchafu. Ni chuma kilichokutana na tanini ya mbao wakati kuna unyevu. Asidi ya oksaliki hulitoa, ila kumbuka gamba. Likiwa karibu na njumu, liache lilivyo, na ubadilishe skrubu ya chuma kwa ya shaba.

Mlango haufungi, au saa inasimama ikirudi ukutani

Mlango uliokataa wakati wa masika utakubali wakati wa kiangazi. Usishike randa. Kama unakataa mwaka mzima, tazama bawaba kabla ya kulaumu mbao: skrubu iliyolegea huushusha mlango kwa milimita chache, na kijiti chenye gundi ndani ya tundu la zamani humaliza kazi.

Saa iliyokuwa ikitembea mezani kwa fundi kisha ikasimama kwako haina kosa la mashine. Imening'inia mshazari. Sikiliza: mlio mmoja ukiwa mrefu na unaofuata mfupi, sogeza kitako cha sanduku kidogo kushoto au kulia hadi ilingane. Kisha chora alama ya penseli ukutani, nyuma ya kitako, ili anayefuta vumbi ajue pa kulirudisha.